Mupe Placide Tempels: alikuja kufundisha, akaanza kuuliza

Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, jina Jamaa bado linajulikana. Wazee wetu waliotumika Union Minière, kisha Gécamines, wanakumbuka nyumba ambamo watu walikutana magaribi, bwana pamoja na bibi yake, kwa kufundishana mambo ya Mungu. Lakini ukiuliza vijana wanaoshuka leo mu mashimo, wengi hawajui nani aliianzisha, wala hawajui kwamba ilizaliwa mu kambi ya wafanyakazi wa mugodi.

Juu ya ile tunapenda kueleza hapa maisha ya mupe Placide Tempels. Hatutaki kumufanya mutakatifu. Kati yetu sisi wa sendika kuna Wakatoliki, Wametodisti, Wakimbangu, Waislamu, na wengine wasiosali fasi yoyote. Tunamueleza kwa sababu alikutana na shida moja ambayo kila mutu anayetaka kusema na wengine anaijua: namna gani utaeleza jambo unaloliamini kwa mutu asiye wa kwenu, alielewe vizuri, pasipo kumudharau?

Tempels alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, upande wa Waflama, tarehe 18 Februari 1906. Mwaka ule ule, mwezi wa 10, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Wazazi walimuita Frans. Mwaka wa 1924 aliingia shirika la Wafransisko, akapewa jina la Placide. Mwaka wa 1930 alipata upadri, na mwaka wa 1933 alitumwa Kongo, huku kwetu Katanga, kati ya Waluba wa upande wa Kamina.

Miaka kumi ya kwanza alikuwa mupe kama wengine. Yeye mwenyewe alieleza nyuma kwamba alikuja na moyo wa bwana mukubwa: yeye ndiye anajua, wengine wasikilize. Mafundisho ya ile wakati yalikuwa katekisimu ya maulizo na majibu. Katekista anauliza, watu wanajibu kwa pamoja, maneno yale yale, mpaka yameshikwa kichwani. Anayejibu vizuri anabatizwa. Lakini Tempels aliona kwamba majibu yalikaa mu kinywa, hayakushuka. Mutu alibatizwa asubui, na siku mutoto wake anagonjwa, anarudi kwa mganga usiku, kwa kujificha. Wamisionari wengi walisema: hawa watu ni wagumu, hawajui kufikiri. Tempels alianza kujiuliza kama wagumu si wale wanaofundisha.

Inafaa kukumbuka namna hali ilikuwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilikuwa imebadilisha mpango wake. Mbele, ililetaka wanaume peke yao kwa miezi michache. Sasa ilitaka mufanyakazi aje na bibi na watoto, akae kambini miaka mingi. Nyumba, posho ya bunga, hospitali, vyote vilitoka kwa kampuni. Masomo ya watoto yaliwekwa mu mikono ya wamisionari. Basi mu kambi, serikali, kampuni na misioni vilionekana kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Mutu akisikia mupe anasema juu ya Mungu, aliweza kujiuliza kama ni Mungu anasema ao ni patroni.

Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa kuomba mishahara iongezwe. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya vitu, na kazi ya shaba ilikuwa imezidi. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi, na watu wengi walikufa. Wakati ule mufanyakazi mweusi hakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Sheria hiyo ilikuja tu mwaka wa 1946. Februari 1944 askari wa Luluabourg nao waliasi. Mwaka ule Tempels aliandika mu gazeti L'Essor du Congo juu ya uasi. Wazungu wengi walisema ni ubaya wa mutu mweusi tu. Yeye alionyesha kwamba uasi uko na sababu zake, na kwamba inafaa kutafuta nini kilivunjika kati ya wenye kutawala na wenye kutawaliwa.

Ilikuwa ile miaka njo alipobadilisha njia. Aliacha kuanza na majibu, akaanza kuuliza. Aliketi na wazee, na akina mama, na vijana, akiwaomba wamueleze wao wenyewe: mutu ni nini? Mutu mukubwa ni nani? Mutu anaogopa nini kupita vyote, na anatafuta nini? Alisikiliza mezali, alisikiliza majina watu wanayoita watoto wao, na yale wanayoomba wakiwa mbele ya wakufu wao.

Ndani ya yale yote alisikia neno moja linarudi: uzima. Si kupumua tu. Uzima wenye nguvu, unaoongezeka mutu akiishi vizuri na wenzake, unaopunguka akilogwa, akitukanwa, akitengwa na jamaa yake. Alielewa kwamba watu hawakukosa kufikiri hata kidogo. Walikuwa na mawazo yao yaliyopangwa vizuri, ambayo yeye hakuyaona miaka kumi yote.

Yale aliyosikia aliyaandika kwa lugha yake ya Kiflama. Mwaka wa 1945 yalitoka kwa Kifaransa Élisabethville, mu kitabu La philosophie bantoue. Kitabu kile kilifanya makelele makubwa. Wakati ule, kusema kwamba mutu mweusi wa Katanga iko na falsafa ilikuwa kama kupindua meza. Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa Katoliki la Élisabethville, hakukipenda. Mwaka wa 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa kule mpaka mwaka wa 1949. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kuenda mbali, na mwaka wa 1949 nyumba ya Présence Africaine ilikitoa tena Paris.

Aliporudi Katanga, njia ilimufikisha Kolwezi, mu kambi ya mugodi wa Ruwe. Hapa hakukuwa tena mugini wa Waluba peke yao. Kambi ilichanganya watu: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Walunda, Wacokwe, Wabemba, na wengine waliotoka mbali kwa kutafuta kazi. Baba anafuata saa ya kengele ya kampuni, mama anabaki nyumbani, mbali na dada na mama zake. Falanga ya mwisho wa mwezi ilikuwa siri ya mwanaume. Jirani ni mutu wa kabila ingine, na hamuaminiani. Njo hapo, mwanzo wa miaka ya 1950, Tempels alianza kukutana na watu wachache, wafanyakazi na bibi zao. Mukutano ule ndio uliitwa Jamaa. Lugha yake ilikuwa Kiswahili chetu cha kambi, si Kifaransa wala Kilatini.

Mafundisho yake yalisimama juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Tempels alisema kwamba hayo matatu hakuyaleta kutoka Ulaya. Aliyakuta kwa watu, kisha akajiona yeye mwenyewe ndani yake, juu hata yeye Muflama alitaka kuishi, kuzaa na kupendwa.

Uzima: kila mutu anautaka, mupagano na mukristu. Basi alianza hapo. Hakuanza na zambi, wala na moto wa jehanamu. Mungu ni yule ambaye uzima wote unatoka kwake, na Yesu alikuja kusudi watu wawe nao mwingi. Mutu asiyejua kusoma, asiyekanyaga kanisa, aliweza kuelewa neno hilo, kwa sababu lilikuwa kilio chake mwenyewe.

Uzazi: kwa sisi, kufa pasipo mutoto ni msiba mukubwa. Mama asiyezaa anachekwa, mara ingine anafukuzwa. Jamaa ilifundisha kwamba mutu anazaa pia kwa kumupa mwingine imani na uzima. Yule uliyemufundisha ni mutoto wako, nawe ni baba ao mama yake. Fikiri namna neno hili lilisikiwa na mama aliyeitwa tasa miaka mingi. Siku ile anaitwa mama mbele ya wote, na hakuna anayecheka.

Mapendo: hapa ndipo Jamaa iligusa nyumba. Hakuna aliyeingia peke yake kama iko na bibi ao bwana. Walipita wote wawili, hatua kwa hatua, na walitakiwa wasifichane kitu. Mwanaume aliyezoea kuamuru alifundishwa kuketi na bibi yake na kumusikiliza. Mama naye alifundisha mbele ya wanaume. Wakaitana baba na mama, pasipo kuuliza kabila. Hata padri alikuwa ndani kama mwenzao, si juu ya kiti. Na waliofundisha wengine walikuwa wale wale wafanyakazi, usiku, kisha kazi, mu nyumba ndogo za kampuni. Namna hiyo Jamaa ilifika Likasi, Lubumbashi, mpaka Kasai.

Sasa tuseme pia yale ambayo sisi wa sendika hatuwezi kuyanyamazia. Mwaka wa 1950, Aimé Césaire, mwandishi mweusi wa Martinique, alikosoa kitabu cha Tempels kwa ukali. Alionyesha namna wakoloni wangeweza kukitumia: kama mutu mweusi anataka kuheshimiwa katika uzima wake tu, basi hakuna lazima ya kumupa mushahara mzuri, nyumba nzuri wala chakula cha kutosha. Mupe heshima ya maneno, yeye atatulia, na shaba itaendelea kutoka. Wengine walikuja nyuma na lawama ingine. V. Y. Mudimbe, mwenye kuzaliwa Likasi, alionyesha kwamba hata muzungu mwenye moyo mwema alibaki muzungu mwenye kueleza Mwafrika ni nani, mahali pake.

Lawama hizo ziko na uzito. Ni kweli kwamba kampuni haikukasirika kuona wafanyakazi wenye nyumba tulivu, wasiolewa, wanaofika ku kazi kwa saa. Mutu anaweza kupendana na bibi yake vizuri sana na kubaki na njaa. Jamaa haikuandika hesabu ya mishahara, haikuomba viatu vya kazi wala dawa ya vumbi la mapafu. Kama dini inasema juu ya uzima na inanyamaza juu ya kile kinachokula uzima chini ya udongo, mutu wa inje ya kanisa iko na haki ya kuuliza ni uzima gani huo.

Lakini tusikate upande mmoja tu. Mu kambi ile, mufanyakazi alikuwa namba ku kitambulisho. Kwa Jamaa alikuwa baba, mwenye mawazo, mwenye kufundisha. Watu waliojifunza kusema mbele ya wengine na kuaminiana pasipo kabila hawarudi kuwa namba kwa upesi. Miaka ya 1960, wakati siasa iliwagombanisha Wakatanga na Wakasai, kitu hicho hakikuwa kidogo. Sisi tunaofanya kazi ya sendika tunajua: mahali watu hawaaminiani, hata daftari la madai lililoandikwa vizuri namna gani linabaki karatasi.

Tempels aliondoka Kongo mwaka wa 1962, kisha miaka 29 tangu alipofika. Hakurudi tena. Jamaa ilikuwa imekua kupita mikono yake. Wakubwa wa Kanisa waliiangalia kwa wasiwasi: walei wenye kufundisha mu nyumba zao, wenye njia zao za kuingiza watu hatua kwa hatua. Wengine mu Jamaa walibaki wakisikiliza maaskofu, wengine waliachana na Kanisa. Yeye aliishi miaka yake ya mwisho mu nyumba ya Wafransisko, Hasselt, Ubelgiji. Alikufa huko tarehe 9 Oktoba 1977. Kampuni aliyozaliwa nayo mwaka mmoja ilikuwa imekwisha kutaifishwa, tangu mwaka wa 1967.

Kwa wale wanaohubiri leo mu kambi zetu na ku machimbo ya makreza, maisha yake yanaacha kazi ya kufanya. Siku hizi spika ni nyingi, na sauti ni kubwa. Wahubiri wanapita na majibu tayari: baraka, visa, kazi, ndoa. Ni wachache wanaoketi na mutu na kumuuliza kwanza anaogopa nini, anatafuta nini, na kumuacha amalize. Tempels alihitaji miaka kumi kwa kulijua hilo, naye alikuwa na elimu mingi.

Na kwetu sisi wa sendika, ni vile vile. Tunapoenda kueleza sheria ya kazi kwa kreza asiye na mukataba, ao kwa bibi yake anayeosha mawe mu mutoni na mutoto mugongoni, tusimurushie namba za sheria kama katekisimu. Tumuulize kwanza anajua nini juu ya kazi yake. Yeye anaijua kupita sisi. Kisha, tofauti na ile iliyokosekana Ruwe, tusiishie kwa kumuheshimu na maneno: tuandike pamoja naye yale anayodai, na tuyapeleke kwa patroni.