Bilharz, daktari aliyetegua kitendawili cha mkojo wa damu

Tuseme wewe ni kijana wa Sagalla, siku hizi unahangaikia riziki mjini Voi. Juzijuzi ulitembelea jamaa kule Kwale, mkaogelea bwawani. Miezi kadhaa baadaye unaingia chooni, na matone ya mwisho ya mkojo yanatoka na damu. Utamwambia nani? Wengi hunyamaza tu. Kabla hujanyamaza, mjue Theodor Bilharz.

Mjerumani huyu alizaliwa mwaka 1825 mjini Sigmaringen. Alisomea udaktari, na mwaka 1850 akafuatana na mwalimu wake, Griesinger, hadi Misri. Akaajiriwa katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo. Huko wagonjwa wa kukojoa damu walikuwa wengi ajabu, na hakuna aliyejua chanzo.

Mwaka 1851, akipasua maiti, Bilharz alikuta minyoo myeupe ndani ya mishipa ya damu. Hakuishia hapo. Mwaka uliofuata aliona mayai yenye mwiba kwenye kuta za kibofu, akaelewa: mayai hayo ndiyo yanayojeruhi kibofu mpaka damu itoke. Ndicho hiki tunachokiita kichocho, au bilharzia, kwa jina lake.

Alifariki Cairo mwaka 1862, akiwa na miaka 37 tu, bila kujua minyoo huingiaje mwilini. Mwaka 1915 ndipo Robert Leiper alipoonyesha, hukohuko Misri, kwamba vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako ukioga.

Hadi leo maabara hutafuta yai lilelile lenye mwiba. Ndiyo maana unaweza kuambiwa utoe mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Likionekana, dawa ipo: prazikwanteli. Lisipoonekana, usiende zako. Damu inaweza kuletwa na maambukizi mengine, mawe ya figo, hata saratani, kwa hivyo daktari anaweza kuagiza upigwe picha ya figo na kibofu. Nawe dada, usikimbilie kusema ni hedhi tu.

Hata damu ikikoma yenyewe, nenda ukapimwe. Kichocho kikiachwa miaka, huharibu kibofu na figo. Na ukifika kwa daktari, usione haya: mwambie uliogelea wapi.