Askofu Steere na Kazi ya Chapa

Kila tufunguapo Injili kwa lugha yetu, yafaa tumkumbuke Askofu Edward Steere. Alizaliwa London mwaka 1828, akafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer.

Tangu zamani Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, na vyuo vyao vilinakiliwa kwa mkono. Steere hakuanza kwa kufundisha, bali kwa kufundishwa. Aliketi na watu wa Unguja, akasikiliza ngano zao, akaziandika kama zilivyosimuliwa. Mwaka 1870 zikatolewa kitabu, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili.

Mwaka ule wa 1864 Seyyid Majid alimkabidhi Askofu Tozer watoto watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Wengine wakafuata, wakatiwa shuleni, na baadhi yao wakajifunza kazi ya chapa: kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino, kukandamiza karatasi. Basi na tufikiri. Mtoto aliyeuzwa kama mzigo, ambaye hakuna aliyeuliza jina lake, sasa vidole vyake vyapanga maneno ya Mungu ili wengine wayasome! Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Steere aliwekwa Askofu mwaka 1874. Mwaka 1876 aliwaongoza mahuru kwenda bara, wakafanya makao Masasi. Huko Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, alisimamia ujenzi wa kanisa kubwa, na kila apatapo nafasi akarudia kufasiri Maandiko. Tarehe 27 Agosti 1882 alifariki, naye akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lile. Biblia nzima hakuiona; wenzake waliendeleza kazi, ikatoka mwaka 1891.

Enyi walimu, kazi yenu imo katika habari hii. Yeye aliyekuja kufundisha alikubali kwanza kuwa mwanafunzi, na watoto waliodharauliwa wakawa watengenezaji wa vitabu. Msimwone mtoto yeyote darasani kuwa hafai. Nanyi wenye vitabu nyumbani, msiviache vikaliwa na mchwa sandukuni. Visomeni jioni pamoja na watoto wenu, maana vilipatikana kwa jasho la watu wengi.