John Akii-Bua: Bingwa Aliyekunjwa Angali Mbichi

Kabla ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili, nilifundisha Kiswahili kwa muda katika shule moja ya upili. Kama ilivyo ada, mwalimu kijana hukabidhiwa filimbi pamoja na chaki, nami nikapewa kundi la wavulana wa mbio za mita 400 kuruka viunzi. Uwanja wetu ulikuwa wa nyasi. Viunzi vyenyewe vilichongwa na fundi wa shule kwa mbao zilizosalia baada ya kuunda madawati, na mkufunzi, yaani mimi, hakuwa ameruka kiunzi hata kimoja maishani mwake. Wenzangu walinihurumia. Walishikilia kwamba sisi wa Afrika Mashariki ni watu wa masafa marefu, kwamba viunzi ni vya wageni, na kwamba mrukaji viunzi huzaliwa, hafunzwi. Katika kuitafutia jibu kauli hiyo ndipo nilipokutana na maisha ya John Akii-Bua.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea wasifu wa malenga, wa watawala na wa wapigania uhuru. Mwanariadha aghalabu huachiwa kurasa za nyuma za magazeti, na jina lake hufifia pindi rekodi yake inapovunjwa. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya Akii-Bua, Mganda ambaye mwaka wa 1972 alikuwa binadamu wa kwanza kumaliza mita 400 kuruka viunzi chini ya sekunde 48. Hoja yangu ni kwamba ubingwa ule ulikuwa kazi ya mikono ya walimu, na kwamba yaliyomfika baadaye yanatufunza kuwa kazi ya mwalimu haitoshi pale ambapo mwanafunzi hana wa kumlinda.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa na wake wanane na watoto 43. Katika boma la namna hiyo, mtoto hujifunza mapema kwamba chakula, nafasi na sifa hugawanywa kwa wengi. Masomo yake hayakufika mbali. Alipobaleghe alijiunga na polisi, na hatua hiyo ndiyo iliyobadili mkondo wa maisha yake. Wasomaji wa Kenya hawatashangaa: kwetu pia, polisi, magereza na jeshi vimekuwa shule za riadha kwa vijana wengi ambao hawakubahatika kupata shule nyingine.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Jorem Ochana, afisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa mrukaji viunzi hodari. Ochana aliona katika kijana yule mrefu, mwenye nyonga nyepesi, jambo ambalo kijana mwenyewe hakuwa ameliona. Alikuwa na mbinu moja kali: aliweka ufito mwingine juu ya kiunzi, akiacha nafasi ndogo baina yao, ili anayeruka ajifunze kupita katikati akiwa ameinamisha kichwa. Aliyejirusha juu mno alikigonga kichwa. Aliyeruka chini mno aliligonga goti. Akii-Bua alitokwa na damu mara nyingi katika mazoezi hayo. Hata hivyo, alijifunza kanuni ambayo kila mkufunzi wa shule anapaswa kuianza nayo: kiunzi hakirukwi kama ua, bali hupitwa kwa hatua ndefu ya mbio, na kila wakati unaopotea hewani ni wakati unaompa mpinzani nafasi.

Alianza na mbio fupi za viunzi, lakini hakufuzu kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka wa 1968. Mwaka uo huo, Mwingereza Malcolm Arnold aliwasili Uganda kuwa mkufunzi wa riadha wa taifa. Arnold alikuwa bado kijana, na umaarufu wake ulikuwa mbele yake. Alimtazama Akii-Bua, akamshauri ahamie mita 400. Ushauri huo haukuwa mwepesi kukubaliwa. Mbio hizo zinahitaji kasi ya mkimbiaji wa masafa mafupi, pumzi ya mkimbiaji wa masafa ya kati, na hesabu za mwashi.

Tuzitazame hesabu hizo kidogo, maana ndizo zinazowashinda vijana wetu. Mwanamume huruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Baina ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Na kutoka kiunzi cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Anayepiga hatua 13 au 15 kati ya viunzi huruka kwa mguu ule ule daima. Anayepiga hatua 14 hulazimika kubadilisha mguu kila kiunzi. Uchovu nao hufupisha hatua, kwa hivyo kijana aliyeanza na hatua 15 hujikuta amefika kiunzi cha saba akiwa na mguu usio wake mbele, naye husita, hukanyaga papo kwa papo, kisha huruka kama mtu anayevuka mtaro. Aidha, anayetanguliza mguu wa kulia katika kona husukumwa nje ya njia yake, ilhali anayetanguliza wa kushoto huikumbatia kona.

Akii-Bua alijifunza kuruka kwa miguu yote miwili. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa fumbo la ushindi wake, na halikuwa la kuzaliwa nalo. Lilitokana na asubuhi nyingi za kurudia jambo moja hadi mguu mzito ukawa mwepesi. Fauka ya hayo, alikimbia milimani na kufanya mazoezi akiwa amevaa fulana iliyotiwa uzito, akivuka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano yake. Siku ya mashindano uzito uliondolewa, viunzi vikashuka, na mwili ukajiona una mabawa.

Matunda hayakuja kwa siku moja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka wa 1970 alimaliza wa nne. Mbele yake walikuwa John Sherwood wa Uingereza, William Koskei ambaye wakati huo aliikimbilia Uganda na baadaye akaikimbilia Kenya, na Charles Kipkemboi Yego wa Kenya. Tazama orodha hiyo vyema: wanne wa kwanza duniani kote katika Jumuiya ya Madola, na watatu kati yao walikuwa wana wa Afrika Mashariki. Ile kauli kwamba viunzi si vyetu ilikuwa imekwisha kukanushwa zamani, ila tulikuwa tumesahau. Mwaka wa 1971 Akii-Bua aliandikisha muda bora zaidi duniani kwa mwaka huo.

Hata hivyo, alipofika Munich mwaka wa 1972 hakuna aliyemtarajia mno. Macho yalikuwa kwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico City na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, pamoja na Ralph Mann wa Marekani. Tarehe 2 Septemba, siku ya fainali, Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa, ambako kona ni kali kuliko zote na ambako wengi huona bahati imewapa kisogo. Lakini mtu wa njia ya kwanza huwaona wenzake wote mbele yake. Hemery alitoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua akamfuata bila pupa, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kadiri hatua zilivyomtaka. Walipoikamata sehemu iliyonyooka ya mwisho, wenzake walianza kufupisha hatua, yeye hakufupisha. Saa ilisimama kwenye sekunde 47.82. Mann alipata fedha kwa 48.51, Hemery shaba kwa 48.52. Uganda ilikuwa imepata medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Bingwa hakuketi kupumzika. Aliendelea kuuzunguka uwanja huku akiwapungia watazamaji na kurukaruka, kana kwamba mbio zenyewe zilikuwa fupi mno kuimaliza furaha yake.

Furaha ile ilikuwa na kivuli. Siku tatu baadaye Michezo ya Munich iliingiwa na msiba wa mauaji ya wanamichezo wa Israeli. Na nyumbani, Idi Amin alikuwa ameshika hatamu tangu Januari 1971, baada ya kumpindua Milton Obote. Obote alikuwa wa jamii ya Lango, jamii ya Akii-Bua. Wengi wa jamii hiyo waliandamwa na kuuawa. Bingwa alipandishwa cheo katika polisi na kuzawadiwa nyumba, kisha utawala ukamtaja kuwa ushahidi kwamba watu wa jamii yake hawakuwa wakiteswa. Hivyo basi, medali iliyompa heshima ndiyo iliyomfanya pambo la mtawala. Je, mwanariadha afanye nini anapogeuzwa kuwa ngao ya uongo? Akikataa, ana familia. Akinyamaza, ana dhamiri. Akii-Bua aliendelea kukimbia. Mwaka wa 1973 alinyakua dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos.

Mwaka wa 1976 alikuwa akutane mjini Montreal na chipukizi wa Marekani, Edwin Moses. Hawakukutana. Mataifa mengi ya Afrika, Uganda na Kenya yakiwemo, yalisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imeshiriki raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Msimamo huo ulikuwa wa haki, lakini gharama yake ililipwa na wanariadha. Moses alishinda kwa sekunde 47.64, akaivunja rekodi ya Akii-Bua ilhali mwenyewe hayupo uwanjani kuitetea.

Utawala wa Amin ulipoporomoka mwaka wa 1979, Akii-Bua alikhofia kuhesabiwa miongoni mwa vibaraka wake. Aliikimbia nchi pamoja na familia yake, akaingia Kenya, na huku kwetu bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa, ndiyo iliyomtoa kambini na kumpa kazi Ujerumani, nchi ile ile alikoshangiliwa. Alishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980, lakini hakuvuka nusu fainali. Miaka yake bora ilikuwa imepita, nayo haikuwa imepitia uwanjani.

Baadaye alirudi Uganda, akawa mkufunzi. Naona hapa ndipo duara la maisha yake lilipokamilika. Yule aliyefunzwa kuinamisha kichwa chini ya ufito wa Ochana sasa alishika filimbi mwenyewe. Alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, mjane, akiacha watoto 11, na alizikwa kwa heshima za kitaifa. Arnold, kwa upande wake, aliendelea kuwanoa mabingwa wengine wa viunzi, akiwemo Colin Jackson. Uganda ilingoja miaka 40 kutoka Munich kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, iliyoletwa na Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka wa 2012. Nayo Kenya ilipata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka wa 2015 mjini Beijing: Nicholas Bett, aliyekimbia katika njia ya tisa, nje kabisa, kwa sekunde 47.79. Mmoja alishinda kutoka njia ya ndani, mwingine kutoka njia ya nje, na baina ya muda wao kuna sehemu tatu tu za mia za sekunde. Bett naye alituacha mwaka wa 2018 kwa ajali ya barabarani, angali kijana.

Narejea kwa wavulana wangu. Baada ya kuyasoma maisha haya, nilichora mistari ya chokaa kwenye nyasi, nikawafunza kuhesabu hatua na kuruka kwa mguu wa kushoto, kisha kwa wa kulia. Mmoja wao, aliyekuwa akisimama wima kila alipofika kiunzi cha sita, alijifunza kubadilisha mguu. Katika mashindano ya kaunti hakupata medali, lakini aliviruka viunzi vyote 10 bila kusita. Nilijiona mwalimu kweli. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Karo ilikuwa imemshinda mlezi wake. Nilizijua hatua zake zote baina ya kiunzi na kiunzi, nisijue lolote kuhusu nyumbani kwao, kwa kuwa sikuwahi kumwuliza.

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na Akii-Bua alikunjwa na walimu waliojua kazi yao. Lakini samaki huyo huyo huvuliwa, huuzwa, na pengine hutupwa. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutapelekwa shuleni kufundisha, na wengi tutapewa filimbi. Tuwafunze vijana kuruka kwa miguu yote miwili. Na jioni, tunapokusanya viunzi kuvirudisha ghalani, tumwulize kila mmoja wao anakwenda kulala wapi na kama kesho atarudi.