Emil Kraepelin: Daktari aliyechora ramani ya magonjwa ya akili

WAKATI Profesa Emil Kraepelin anafariki dunia mjini Munich, Ujerumani, Oktoba 7, 1926, hakuna daktari aliyekuwa na uwezo wa kuchunguza vipokezi vya seli za ubongo wala kusoma jeni za mgonjwa. Hata hivyo, mgawanyo wa magonjwa ya akili unaotumika hospitalini hadi leo kwa sehemu kubwa unatokana na kazi yake.

Kraepelin alizaliwa Februari 15, 1856 katika mji wa Neustrelitz, kaskazini mwa nchi hiyo. Akiwa na miaka 30 tu aliteuliwa kuwa profesa huko Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Wagonjwa wake wengi walizungumza Kiestonia, lugha asiyoijua, ikambidi awahoji kupitia wakalimani. Mwaka 1891 alihamia Heidelberg.

Huko alimjazia kila mgonjwa kadi yenye dalili alizoingia nazo na hali aliyotoka nayo, na wengine akawafuatilia kwa miaka. Wenzake walitazama dalili za siku ile. Yeye alitaka kujua ugonjwa unaelekea wapi. Mwaka 1899 alitenganisha makundi mawili makuu: ugonjwa unaodhoofisha akili hatua kwa hatua, ambao baadaye uliitwa skizofrenia, na ule wa mgonjwa kupandwa na furaha iliyopita kiasi, kisha kuzama katika huzuni, halafu kupata nafuu. Kwa ndugu wa mgonjwa, kundi la kwanza lilikuwa karibu sawa na hukumu, kwani tiba haikuwapo.

Aliamini chanzo kimo katika ubongo na urithi. Mjini Munich alifanya kazi na Alois Alzheimer, na ndiye aliyeupa ugonjwa wa Alzheimer jina hilo mwaka 1910. Mwaka 1917 alianzisha taasisi ya utafiti, na idara ya urithi akamkabidhi Ernst Rüdin.

Hapo ndipo sifa yake inapoingia doa. Kraepelin mwenyewe aliandika kwa hofu juu ya kudhoofika kwa kizazi cha taifa lake. Mwaka 1933 Wanazi walipitisha sheria ya kuwafunga kizazi wagonjwa kwa nguvu, na Rüdin alishiriki kuandika ufafanuzi wake. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo, wenye skizofrenia wakiwamo. Marehemu hakuitunga sheria hiyo, lakini fikra zake zilipaliliwa katika taasisi aliyoijenga yeye.

Sayansi iliyofuata haikuwaunga mkono. Dawa ya klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, na katika miaka ya 1970 ilibainika kuwa dawa za aina hiyo huziba vipokezi vya dopamini, yaani milango ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali hiyo. Mwaka 2014, utafiti uliohusisha wagonjwa karibu 37,000 wa skizofrenia ulipata maeneo 108 ya jeni yanayohusiana nao, likiwamo la kipokezi hicho. Kila eneo huongeza hatari kidogo mno; hakuna jeni moja inayoweza kumhukumu mtu.

Aidha, mwaka 2009 ilionekana kuwa makundi yake mawili yanachangia sehemu kubwa ya urithi huo. Kraepelin alikwishaanza kulishuku jambo hilo: mwaka 1920 aliandika kwamba mpaka kati ya magonjwa hayo si wa wazi kama alivyodhani. Toleo la tisa la kitabu chake, alilokuwa akilirekebisha, lilichapishwa mwaka 1927, baada ya kifo chake.