Kivoi wa Kitui na Mlima Mweupe

Kupanda kilima cha Kitui si kazi ya mashujaa. Mtu akitoka baada ya sala ya Alfajiri, kabla mawingu hayajakusanyika, mara huwa juu akilitazama jua likichomoza. Siku ikiwa safi, akigeuka kaskazini-magharibi huenda akauona mbali Mlima Kenya, kichwa cheupe. Vitabu vingi husema mlima huo uligunduliwa na Mzungu. Leo tumkumbuke Mkamba aliyemfungulia Mzungu huyo njia.

Jina lake ni Kivoi, wa ukoo wa Mwendwa. Wakamba wa zama zile hawakuwa na mfalme. Kivoi alipata heshima kwa mali, ukarimu na biashara. Misafara yake ya pembe za ndovu ilishuka mpaka pwani, na Mombasa ilimjua vyema. Pembe nyingi zilizopakiwa majahazini enzi za Sayyid Said zilibebwa na Wakamba kutoka bara.

Mwezi wa Novemba 1849, Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, aliondoka Rabai kwenda Ukambani. Alikatiza nyika ya Taita, akapita Kikumbulyu, ambayo leo imo katika Makueni, akavuka mto Athi hata akafika kwa Kivoi. Mwenyeji alimpokea mgeni kwa wema. Akamweleza habari za mlima mkubwa alioujua kwa safari zake, wenye kitu cheupe kileleni, ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Wengi huelezea kuwa jina hilo latokana na mbuni dume, kwa weusi na weupe wa manyoya yake.

Lakini ulikuwa msimu wa mvua, na mawingu yaliuficha mlima. Krapf alikaa siku kadhaa bila kuona kitu. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, akaziona pembe mbili zimesimama juu ya mlima mkubwa. Habari zilipofika Ulaya, wanazuoni wa jiografia walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wakamba hawakuwa na haja ya ubishi huo. Mlima walikuwa wakiuona.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Mwezi wa Agosti Kivoi alimchukua katika safari ya mto Tana, alikokuwa ameacha pembe zake. Karibu na mto wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, wenzake wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake nyikani, akisafiri usiku, akibeba maji ya mto ndani ya mtutu wa bunduki na ala ya darubini. Alipofika Kitui, taabani, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kurudi hai bila mwenyeji wake. Ikambidi atoroke usiku, akarejea pwani.

Mwaka 1920 koloni lote lilipewa jina la mlima ule, na jina hilo twalibeba hata leo katika pasi zetu. Krapf aliandika vitabu, jina lake likadumu. Kivoi hakuandika, alilipa kwa roho yake. Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Kitui, jihimu mapema upande kilima. Na ukiuona ule weupe, mtaje kwanza mwenye mji.