Ewart Grogan: muzungu wa trauti, na watu waliobeba mayai

Kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi ya Kilembwe iko na baridi yake. Ukungu unashuka kutoka upande wa Itombwe, wazee wanaota moto, na watoto wanaokwenda mtoni wanatembea mikono kwapani. Lakini wanaenda. Mmoja anabeba fimbo ya mwanzi, mwingine uzi na ndoano, mwingine kopo la minyoo. Wakipata samaki wawili watatu, mboga ya jioni imepatikana. Hakuna anayewauliza karatasi.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye aliingiza samaki mgeni katika mito ya milima ya Kenya, samaki anayependa maji ya baridi na anayevuliwa kwa fimbo ya mwanzi ya namna ya pekee. Mtu huyo ni Ewart Grogan. Alipita pia kandokando ya ziwa letu, miaka zaidi ya 120 iliyopita. Maisha yake yana mambo ya kusifu na mambo ya kuumiza roho, na sisi tutayasema yote mawili.

Kutoka Cape mpaka Cairo

Grogan alizaliwa Uingereza mwaka 1874, katika familia yenye watoto wengi sana. Alisoma katika chuo kikuu cha Cambridge, lakini hakumaliza. Alikuwa kijana wa fujo, wakamfukuza. Mwaka 1896 akaenda Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, akapigana upande wa wazungu katika vita vya kuwashinda Wandebele.

Baadaye akampenda msichana mmoja wa New Zealand, jina lake Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana hakuona kama kijana huyu ana maisha yoyote ya mbele. Inasimuliwa kwamba ni juu ya jambo hilo Grogan alitaka kuonyesha kuwa yeye ni mwanaume: atavuka Afrika yote, kutoka kusini mpaka kaskazini, kwa miguu. Alianza safari mwaka 1898, akafika Cairo mwanzo wa mwaka 1900. Alikuwa na miaka 25. Mwaka uleule akamuoa Gertrude, na kitabu cha safari yake kikatoka.

Katika safari ile ndipo alipopita kwetu. Kutoka kusini ya ziwa Tanganyika alifika Ujiji, ng'ambo ile, halafu akapanda mpaka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Akafuata bonde la Ruzizi, akafika Kivu, akapita chini ya milima ya moto, akaendelea kaskazini.

Sasa tusimame kidogo hapo. Watu husema Grogan alivuka Afrika kwa miguu. Ni kweli, alitembea. Lakini hema yake, masanduku yake, bunduki, chakula na dawa vilitembea juu ya vichwa vya watu wengine. Kati yao walikuwako Wamanyema aliowachukua Ujiji, watu ambao asili yao ni jirani kabisa na sisi wa Fizi. Walikuwako na vijana wa pande za ziwa Nyasa. Wao pia walitembea, tena na mzigo. Katika kitabu chake, badala ya kuwashukuru watu wa namna hiyo, Grogan alitetea wazo la kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Wazo hilo, sisi wa Kongo tunajua lilifanya nini.

Mayai ya samaki juu ya kichwa

Mwaka 1904 Grogan alihamia Kenya. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika ziwa Victoria, na serikali ya Uingereza ilikuwa inawagawia wazungu ardhi ya milimani. Grogan alikuja na kiu ya mali. Alitafuta misitu ya mbao, alitafuta bandari, alitafuta mashamba.

Lakini wazungu wale walitaka pia kuishi kama kwao. Walipofika milima ya Aberdare, ambayo wenyeji wanaiita Nyandarua, walikuta mito inayoshuka kwa nguvu kutoka karibu mita 4,000, maji meupe kama kioo na baridi ya kukata vidole. Wakakumbuka mito ya Scotland. Kitu kimoja tu kilikosekana machoni pao: trauti.

Trauti ni samaki wa maji ya baridi. Maji yakipita digrii 20 anaanza kuteseka, yakizidi hapo anakufa. Anahitaji pia maji yanayokimbia, yenye hewa nyingi. Maji ya matope hayawezi. Kwa hiyo kumleta kutoka Ulaya haikuwa kazi ndogo: lazima apite bahari ya Shamu, kwenye joto kali, halafu pwani ya Mombasa. Dawa yake ilikuwa imeshajulikana tangu 1864, wakati Waingereza walipopeleka mayai ya trauti mpaka Tasmania, karibu na Australia. Hausafirishi samaki, unasafirisha mayai, yakiwa kati ya majani mabichi ya kuvumwani, pamoja na barafu. Baridi inalifanya yai likue polepole, lisitotoke njiani.

Mwaka 1905 Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, ziwa la Scotland. Yakashuka Mombasa, yakapanda reli. Reli ilipoishia, wapagazi wakayabeba kwa miguu mpaka mto Gura, huko juu Nyandarua. Fikiria mzigo wa namna ile: hauwezi kuutupa chini ukichoka, hauwezi kuuacha juani, na ukianguka kwenye utelezi kazi ya miezi imekwisha. Watu wale walifika. Samaki wakakaa, wakazaa, na baadaye wakapandwa katika mito mingine ya Nyandarua na ya mlima Kenya. Mwaka wa 1905 na jina la Grogan vinajulikana mpaka leo. Majina ya wapagazi hayasimuliwi.

Fimbo ya mwanzi na baridi

Sasa turudi kwenye fimbo. Jambo la ajabu ni kwamba kwenye Nyandarua kuna msitu mzima wa mianzi, kama ule wa milima yetu. Lakini fimbo za wavuvi wa kizungu zilitoka madukani Uingereza, kwa watengenezaji kama Hardy wa Alnwick, na mwanzi wenyewe ulitoka Asia: zamani ule wa Kalkuta, baadaye ule wa China ya kusini unaoitwa Tonkin, ambao nyuzi zake zimebanana sana karibu na ganda.

Fundi hatumii mwanzi mzima kama watoto wetu. Anaupasua, anakata vipande sita vyembamba vya pembe tatu, anavipiga randa mpaka vikae sawasawa, anavigandisha kwa gundi, anazungushia uzi wa hariri, halafu anapaka vanishi. Fimbo inakuwa ngumu lakini inapinda bila kuvunjika. Inatupa uzi mzito wenye ndoano nyepesi sana, iliyofungwa manyoya ili samaki aone nzi ameanguka majini. Hapo hakuna mnyoo. Ni manyoya tu na mkono wa mtu.

Fimbo hiyo inataka heshima wakati wa baridi. Juu Nyandarua, mwezi wa 7, usiku unaweza kuleta barafu juu ya majani. Vanishi ikikauka na baridi inapasuka, maji yanaingia, na gundi ya zamani iliyotokana na ngozi na mifupa ya wanyama haipendani na maji hata kidogo. Mahali ambapo vipande vya fimbo vinaungana kuna bomba ndogo za shaba. Zikikwama, usizisokote kwa nguvu, zishike mkononi mpaka zipate joto. Barafu ikiziba vipete vya kupitishia uzi, usivute, ncha itakatika; izamishe fimbo majini, barafu itayeyuka. Uzi wa hariri unapakwa mafuta ili uelee. Na jioni, hata kama umechoka namna gani, unaifuta fimbo, unaikausha, unaitundika wima. Ukiiacha mfukoni na unyevu, kesho imepinda kama mgongo wa mzee.

Mvuvi mwenye akili hakurupuki alfajiri siku ya baridi kali. Trauti akipigwa na baridi anakaa chini, hana haraka ya kula. Mvuvi anangoja jua lipashe maji kidogo. Ni mchezo wa uvumilivu na mkono mwepesi.

Mwaka 1907

Lakini Grogan hakuwa mtu wa mkono mwepesi siku zote. Mwezi wa 3 mwaka 1907, katika muji wa Nairobi, aliwashika Wagikuyu watatu waliokuwa wakivuta gari la mikono la kubeba abiria. Walishitakiwa kwamba walikosea adabu mbele ya wanawake wa kizungu waliowabeba. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Grogan, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwapeleka mbele ya tribinali, na mbele ya kundi la wazungu waliokusanyika kuangalia, akapiga kiboko. Hakimu alijaribu kuwazuia, hawakumsikia.

Serikali ikamhukumu mwezi mmoja. Lakini kosa lenyewe lilikuwa kukusanya watu kinyume cha sheria, na kifungo chake alikikaa katika nyumba, si katika gereza la watu wote. Mgongo wa wale watatu haukupata uzito uleule katika hukumu.

Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu wapagazi wabebe mayai yake mpaka Gura bila kuyavunja.

Mali, hospitali na mto wenye mlango

Grogan aliishi maisha marefu, na alijenga vitu vingi. Mombasa alifungua gati ya Mbaraki. Nairobi alijenga hoteli ya Torr's, iliyokuwa fahari ya muji mwaka 1928. Taveta, chini ya Kilimanjaro, alilima mkonge na kujenga jumba juu ya kilima, ambalo watu bado wanaliita ngome ya Grogan. Mke wake Gertrude alipofariki mwaka 1943, alihuzunika sana. Mwaka 1947 akatoa ardhi Muthaiga ili ijengwe hospitali ya watoto yenye jina la mke wake. Hospitali hiyo, Gertrude's, inatibu watoto mpaka leo. Hilo ni jambo jema, na hatutalificha.

Na trauti je? Serikali ya koloni iliweka sheria juu yake. Kuvua kukahitaji leseni. Katika mito mingi ruhusa ilikuwa ya ndoano ya manyoya tu. Mitego na sumu ya majani vikakatazwa. Tuseme ukweli wote: Wagikuyu wa zamani hawakuwa watu wa kula samaki, kwa hiyo mwaka 1905 hakuna aliyenyang'anywa chakula cha jioni. Lakini mto uliokuwa wa kila mtu ukapata mlango, na ufunguo ukawa mkononi mwa aliyeweza kulipa leseni na kununua fimbo ya kutoka Uingereza. Na misitu hiyohiyo ya mianzi, kuanzia 1952, ikawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau waliodai ardhi yao.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Grogan alifariki Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92, katika muji ambao jina lake liko mwanzo wa safari ile iliyompa umaarufu.

Kinachobaki

Barabara ya Grogan mjini Nairobi ilibadilishwa jina, ikawa Kirinyaga. Hata hivyo mafundi wa magari wa pale bado wanasema wako Grogan, na wengi hawajui kama lilikuwa jina la mtu. Trauti pia bado wako. Leo wakaaji wa Nyeri na Kirinyaga wanawafuga katika mabwawa ya maji ya mlimani na kuwauza. Samaki wa wakubwa amekuwa kipato cha mkulima. Imechukua muda mrefu.

Sisi wa Kilembwe tunapata nini katika habari hii? Kwanza, mto wa baridi na safi ni mali, hata kama hauna dhahabu. Trauti hawezi kuishi penye matope, na samaki wetu wenyewe hawapendi matope. Mto ukishachimbuliwa, fimbo ya mwanzi haina kazi tena.

Pili, mgeni akileta kitu kipya, hata kizuri, tuulize mapema: kesho mtoto wa hapa ataruhusiwa kukigusa? Nani atashika ufunguo?

Na tatu, tuandike majina. Wako wazee kati yetu ambao baba zao walibeba mizigo ya wazungu, walipasua barabara, walijenga madaraja. Waulizeni wangali hai, jioni hizi za kuota moto. Grogan ana gati, ngome na hospitali za kumkumbusha. Wale waliobeba mayai mpaka Gura hawana hata jina moja.