Mfahamu Archdeacon Owen, mlami aliyefanya choo kuwa siasa Nyanza

Kama umekodisha keja Kondele, Nyalenda ama Manyatta, hii story unaijua. Asubuhi mfereji umekauka, jioni sinki inanuka hadi hamu ya kula inaisha. Ukimpigia landlodi, simu imezimwa.

Karibu miaka 100 iliyopita, kuna msee hapa Nyanza aliyeona maji safi na choo cha nyumbani ni vita kama vile vya ushuru. Aliitwa Walter Edwin Owen.

Owen alikuwa mmisionari wa CMS, shirika la kanisa la Anglikana kutoka Uingereza. Alitua Uganda 1904, na 1918 akafanywa Archdeacon, cheo kilicho chini ya askofu, wa Kavirondo. Hilo ndilo jina wakoloni waliita nchi ya Wajaluo na Waluhya karibu na ziwa. Kisumu yenyewe ilikuwa changa, reli ikiwa imefika 1901.

Alikuta mambo yamechemka. 1920 Kenya iligeuzwa koloni, ushuru wa nyumba ukapanda, mishahara ikakatwa na wanaume wakalazimishwa kubeba kipande. Disemba 1921, vijana waliosoma Maseno, akina Jonathan Okwiri, waliita mkutano mkubwa Lundha, kule Gem. Hapo ndipo Piny Owacho ilizaliwa, yaani nchi imesema. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association.

1923 Owen akawa rais wa chama, na jina likawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Drama ilianzia hapo. Wanachama sasa walitakiwa kuahidi mambo ya nyumbani: kuchimba choo, kutochafua chemchemi, kuua panya, kupanda miti na kulala kwa kitanda badala ya sakafuni.

Usicheke. Wengi walichota maji kwa chemchemi, mito na ziwa. Mtu akijisaidia kichakani, mvua inasomba uchafu hadi pale mamako anachota. Kinachofuata ni kuhara, taifodi na minyoo. Panya nao hubeba viroboto vya tauni.

Kanuni ni moja: maji safi yapite njia yake, maji machafu yapite yake, na yasikutane kamwe. Mabomba yote ya keja yako yanafuata hiyo. Cheki chini ya sinki, utaona bomba limepinda. Fundi wa saa, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba la aina hiyo London mwaka 1775. Pale kwenye kona hubaki maji kidogo yanayozuia harufu ya maji taka kupanda. Ukisafiri ocha wiki kadhaa, maji hayo yanakauka na keja inanuka. Kabla ya kumlipa fundi, mwaga kikombe cha maji kwanza.

Tumrudie Owen. Serikali ilifurahi, maana choo hakisumbui gavana. Mbogi ya Okwiri ilikuwa imeuliza maswali magumu kuhusu ardhi, kipande na hadhi ya koloni, na wengine waliona Owen amewapoza: jana mnadai ardhi, leo mnahesabu panya. Hiyo lawama iko na uzito.

Lakini huwezi kumuita kibaraka. Aliandikia magazeti ya Uingereza akipinga ushuru mzito na wanawake na watoto kulazimishwa kufanya kazi ya barabara. Masetla walimchukia hadi wakacheza na cheo chake, wakamuita shetani mkuu wa Kavirondo.

Hakuchimbia tu vyoo. 1933 aligundua mabaki ya wanyama wa kale kisiwa cha Maboko, na ni yeye pia aliyefukua vyungu vya kale vya Urewe, Siaya, vinavyojulikana na wanaakiolojia wote Afrika Mashariki. Aliaga 1945 hapa hapa Kenya.

Sasa ile promise ya kutochafua maji imefika wapi? Manyatta, watafiti wamepima visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo na kupata bakteria za kinyesi. Ushauri wa kawaida ni choo kiwe mita 30 kutoka kisima. Kwa ploti iliyobanana utaitoa wapi hiyo nafasi? Kama unatumia kisima hicho, chemsha maji ya kunywa ama uyatie dawa ya klorini.

Boma la 1923 lingeweza kuchimba choo chake lenyewe. Lakini bomba la maji taka halichimbwi na mpangaji mmoja, linataka landlodi, kaunti na pesa ya ushuru. Owen aliuliza kila nyumba choo kiko wapi. Akina Okwiri walimuuliza mkubwa ushuru unaenda wapi. Ukiwa Manyatta leo, unahitaji maswali yote mawili.

Wewe unaonaje, Owen alisaidia Piny Owacho ama aliizima?